Kumpandisha samaki mkubwa kwenye kayaki kwa vifaa vya kujitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaovua kwa kayaki na ambao, kama mimi, hawana subira ya kununua kitu wanachoweza kukitengeneza kwa msumeno na keekee. Majibu ni ya kayaki ya kukalia juu, ile yenye matundu ya kutolea maji. Ile ya kuingiza miguu ndani ikishajaa maji huwa nzito mno, na kwa samaki wakubwa siishauri.

Utaona narudia swali moja kila mara. Watu hupima kifaa chao kwa kuuliza kama kitamshika samaki. Mimi huanza na hili: nikitumbukia sasa hivi, kitu hiki kitaniachia au kitaning'ang'ania?

Samaki "mkubwa" ni wa kilo ngapi?

Kilo peke yake hazisemi kitu. Samaki akiwa majini maji yanambeba, kwa hiyo unachoshindana nacho ni nguvu za mkia wake. Akitoka tu, uzito wake wote unakuja kwako kwa mkupuo, tena ukingoni, mahali ambapo kayaki ina uvumilivu mdogo kuliko kwingine kote. Kambale wa kilo 8 aliyechoka ni mzigo tu. Nguru wa kilo 8 ambaye bado ana nguvu, mwenye meno kama wembe na ndoano zinazoning'inia mdomoni, huyo ni balaa mapajani.

Kipimo changu ni rahisi: nikishindwa kumwinua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kayaki, huyo ni mkubwa, na nitamfuatia taratibu zote zilizo hapa chini.

Nianze kutengeneza kifaa gani?

Usianze na kifaa. Anza kwa kupinduka.

Nenda kwenye maji matulivu, yawe ya kifuani, ukiwa na mwenzako. Vaa jaketi la kuokolea, lifunge vizuri, kisha jipindue makusudi. Kayaki ikiwa kifudifudi, pitisha mikono juu ya tumbo lake, shika ukingo wa ng'ambo, vuta huku ukilala nyuma mpaka igeuke. Sogea katikati ya ubavu wake. Sasa laza mwili wako juu ya maji na upige miguu kama unayeogelea, ndipo ujivute mpaka kitovu kiwe katikati ya kayaki. Geuka ukae kitako. Miguu iingie mwisho.

Wengi hujaribu kupanda kama mtu anayeruka ukuta, miguu ikining'inia chini ya kayaki, na matokeo yake wanaivuta iwaangukie. Rudia mpaka uweze mara tano mfululizo bila kutulia kati, maana siku ya kweli utakuwa umeshachoka kwa kuvutana na samaki.

Baada ya hapo, kifaa cha kwanza ni kisu cha kukatia mshipi. Kiwe kifupi, chenye meno kama ya msumeno na ncha butu, kikae kifuani kwenye jaketi ambapo mkono wowote utakifikia. Kisu kilichowekwa ndani ya sanduku nyuma ya kiti ni cha kusafishia samaki nyumbani. Ala yake unaweza kuitengeneza kwa kipande cha bomba la PVC: kizamishe kwenye maji yanayochemka mpaka kilegee, ingiza kisu kilichozungushiwa karatasi ngumu, bana kati ya mbao mbili, acha kipoe. Ukikichomoa kisu na kutoa karatasi, ala itakuwa imechukua umbo lake. Pindua, tikisa. Kikianguka, rudisha bomba kwenye maji moto na ubane tena.

Kulabu ya kumnasia samaki natengenezaje?

Unahitaji ndoano kubwa ya chuma kisichoshika kutu, yenye mwanya wa sentimita 5 hadi 8 kati ya ncha na shina, na mpini wa sentimita 60 hadi 90. Mpini mrefu kuliko huo ni wa mashua. Kwenye kayaki umekaa karibu kabisa na maji, na mpini mrefu utagonga fimbo, goti, na kila kitu isipokuwa samaki. Mwanzi mkavu ni mzuri, mpini wa ufagio wa mti mgumu pia ni mzuri. Ukichagua mwanzi, ukate ili fundo la mwanzi liwe karibu na mwisho, kwa sababu ukitoboa sehemu yenye uwazi utapasuka siku usiyoitaka.

Chonga mfereji mdogo ubavuni mwa mpini ili shina la ndoano lilale humo nusu ya unene wake. Pitisha skrubu kwenye tundu la ndoano mpaka ndani ya mti. Skrubu kazi yake ni kuzuia ndoano isiteleze tu. Kinachobeba mzigo ni kamba. Zungusha kamba nyembamba ya nailoni, kila mzunguko ukigusa wenzake, umevutwa kwa nguvu zako zote, kuanzia chini ya tundu mpaka karibu na mpindo. Kisha paka gundi ya epoksi mpaka kamba inywe na kung'aa. Iache siku nzima hata kama kopo linasema saa chache.

Sasa chukua tupa uondoe kile kijino cha ndoano kinachoizuia isichomoke. Watu hunibishia hapa. Wanasema kijino kinamshika samaki. Kweli, na kitakushika wewe pia, pajani, kayaki ikiwa inayumba. Kulabu hushika kwa sababu unaivuta mfululizo.

Majaribio ni mawili. Kwanza, ining'inize na ufunge ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 20 na ushei, halafu itikise juu na chini. Kamba ikisogea hata kidogo, vua yote uanze upya. Pili, itupe majini. Ikizama, funga kipande cha boya la wavu kwenye mpini mpaka ielee ikiwa wima. Ncha ifunike kwa kipande cha mpira wa bomba au mpira wa tenisi uliotobolewa, na kifuniko hicho kisitoke mpaka dakika ya mwisho.

Kulabu iwe na kamba ya kuvaa kiganjani?

Hapana, kabisa.

Kulabu yangu ya kwanza ilikuwa nayo, na nilijiona fundi. Kolekole aliyekuwa amelala ubavu kama maiti, alipohisi ncha tu aligeuka akapiga mbizi chini ya kayaki, na mkono wangu ukaenda naye. Ujanja haukuniokoa. Ile kamba ilikuwa ya katani kuukuu, ikakatika. Nilibaki nimelala juu ya ukingo, sikio moja majini, naitazama kulabu ikienda zake na samaki. Alama ya kamba ilikaa mkononi wiki nzima, na tangu siku hiyo kulabu zangu zina maboya. Samaki akiwa na nguvu kuliko ulivyodhani, unaiachia na kuifuata ilikoelea.

Si afadhali wavu?

Kwa samaki mfupi mnene, na kwa yule utakayemwachia, ndiyo. Kwa samaki mrefu, wavu unaotosha kumbeba hautoshi kwenye kayaki. Kuna jambo jingine: chambo bandia chenye ndoano za matawi matatu kikinasa kwenye wavu huku samaki anapiga mkia, utakuwa umetengeneza fundo lenye meno. Ukitumia wavu, badilisha kwanza hizo ndoano uweke za tawi moja.

Usimkimbize samaki kwa wavu. Uzamishe nusu, utulie, mlete samaki kichwa mbele mpaka aingie mwenyewe.

Nimesikia habari za kitanzi cha mkia. Ni nini?

Ni kifaa ninachokipenda kuliko vyote, na ni rahisi kuliko vyote. Chukua kamba ya milimita 8, urefu wa mita 2. Mwisho mmoja piga fundo la kitanzi kidogo kisichokaza. Mwisho mwingine upitishe kwenye kipande cha mpira wa bomba chenye urefu wa sentimita 30 hivi, kisha ndani ya kile kitanzi kidogo. Unapata kitanzi kikubwa kinachobaki wazi kwa sababu ya ugumu wa mpira, na kinachokaza unapovuta.

Kinafaa kwa samaki wenye shingo ya mkia nyembamba na ngumu, kama jodari na kolekole. Unakipitisha mkiani, unavuta, na samaki anapoteza injini yake. Kwa samaki wa mkia laini kinateleza. Mwisho wa kamba ushike kwa mkono. Usiufunge kwenye kayaki mpaka samaki awe ametulia kabisa, na hata hapo tumia fundo la kufyatua, lile linalofunguka kwa kuvuta ncha moja.

Je, kila kitu kifungwe kamba ili kisipotee?

Nusu ya vitu. Kafi lifungwe kwenye kayaki, maana bila kafi wewe ni gogo linaloelea. Fimbo ifungwe wakati wa kupita kwenye mawimbi yanayovunjika na wakati wa kusafiri. Wakati wa kupambana na samaki, ifungue. Fimbo iliyofungwa ubavuni na yenye samaki anayevuta kwenda chini inaweza kuigeuza kayaki ukiwa umekaa umeduwaa.

Kamba zenyewe ziwe fupi, au ziwe za kujikunja kama waya wa simu za zamani. Kamba ndefu iliyolegea miguuni ni mtego. Kaa kwenye kayaki ukiwa nchi kavu, weka kila kitu mahali pake, kisha dondoka upande mmoja na utazame ni nini kimekufuata. Chochote kilichokukamata mguu au shingo, kikate au kihamishe. Filimbi na kisu hubaki mwilini, na chombo cha kuombea msaada pia, kikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ukitengana na kayaki, kilichobaki juu yake hakikusaidii tena. Mwenye redio ya VHF ya mkononi ajue chaneli 16, ndiyo ya dharura baharini.

Breki ya rili niikaze kiasi gani?

Rili ni kile kigurudumu cha fimbo cha kukunjia mshipi, na breki yake ndiyo inayoamua mshipi uanze kutoka ukivutwa kwa nguvu gani. Iwe robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, na kwenye kayaki kaa karibu na robo. Mshipi wa kilo 16 basi uanze kutoka ukivutwa kwa kilo 4. Usikisie kwa vidole. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, mwenzako ashike fimbo ikiwa imepinda, wewe vuta taratibu na usome namba wakati rili inaanza kulia. Kama huna mizani, chupa za maji zitakufaa: lita 4 za maji ni kilo 4.

Hasara ya breki legevu ni ndogo kuliko unavyofikiri. Kayaki yenyewe ni breki. Samaki anayeikokota, tena ikiwa imekaa upande upande, anafanya kazi ngumu sana.

Ananikokota! Nifanye nini?

Muache akukokote. Hii ndiyo raha yenyewe, na tena ndiyo salama, ilimradi anavuta kutoka upande wa omo, yaani mbele ya kayaki. Elekeza fimbo mbele, kati ya saa tano na saa saba ukiifikiria omo kama saa sita, kayaki itageuka yenyewe imfuate. Hatari ni pale mshipi unapokuwa umetoka ubavuni moja kwa moja na kuelekea chini, huku wewe umeegemea upande huohuo. Kuna kanuni moja ambayo ningeichora kwenye kayaki kama ningekuwa na rangi: kichwa chako kisivuke ukingo. Kichwa ni kizito, kikivuka, mwili unakifuata.

Shusha miguu, mmoja kila upande, kama aliyepanda punda. Kayaki inatulia papo hapo.

Akizama chini ya kayaki na kutokea upande wa pili, usishindane naye juu ya ukingo. Fimbo itavunjika kwenye ubavu. Chomeka ncha ya fimbo majini, iwe chini kabisa ya tumbo la kayaki, kisha izungushe kupitia omo mpaka ifike upande aliko. Jodari akichoka huzunguka chini yako kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, na utalifanya zoezi hili mara nne au tano. Kila mzunguko, pata mshipi kidogo anapokuja kwako, pumzika anapokwenda.

Na tazama unakokwenda. Samaki hajali kama kuna miamba, mashua, au mkondo unaotoka nje. Amua mapema alama ambayo ukiipita utakata.

Mimi natumia mshipi wa mkono, sina fimbo. Inawezekana?

Inawezekana sana, ila mshipi wa mkono hauna breki isipokuwa vidole vyako. Usiuzungushe mkononi hata mara moja, hata kwa sekunde. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vya sentimita 4 uvivae vidoleni. Vinazuia mshipi usikuchane na vinashika hata vikiwa vimelowa. Mshipi unaorudi uutupie ndani ya beseni lililo kati ya miguu, usiache ujilundike mapajani.

Halafu tengeneza boya la dumu. Dumu la lita 5 lililozibwa vizuri linaelea kwa nguvu ya karibu kilo 5. Funga mwisho wa mshipi kwenye mpini wake, lipake rangi inayoonekana kwa mbali, liweke mbele yako bila kulifunga kwenye kayaki. Samaki akikushinda, unalitupa. Atalivuta, litamrudisha, atalivuta tena, na wewe unalifuata kwa kafi umekaa raha mustarehe. Katika vifaa vyote vya kujitengenezea, hiki pekee kinashinda vya dukani, kwa sababu kinaondoa vita kwenye kayaki.

Haya, amefika ubavuni. Nimpandisheje?

Kwanza, subiri. Samaki wengi hupotea, na watu wengi huumia, kwa sababu ya kumwahi. Akiiona kayaki atakimbia tena, na huenda akarudia mara mbili tatu. Aliyechoka kweli hulala ubavu, anapanua mdomo polepole, na ukimvuta anakuja bila kupiga mkia.

Ukiwa unamsubiri, tayarisha. Nanga ya kuburuta, ile inayoburutwa majini kupunguza mwendo wa kayaki, kama ulikuwa nayo, iwe imeshapakiwa. Kulabu ipo upande wa mkono wenye nguvu, rungu chini ya paja, kitambaa kilicholowa begani. Miguu ipo majini pande zote mbili. Ila kama kuna papa, rudisha miguu ndani na umsahau samaki. Kayaki iwe imegeuka ili wimbi lisije ubavuni unakofanyia kazi.

Acha mshipi wenye urefu wa karibu fimbo nzima kati ya ncha ya fimbo na samaki. Ukiuvuta mfupi zaidi hutaweza kumleta karibu, na ncha ya fimbo iliyosimama wima huvunjika kwa urahisi. Peleka fimbo nyuma na juu kwa mkono mmoja. Samaki anateleza kuja kwako, kichwa mbele, usawa wa goti. Legeza breki kidogo: akikimbia sasa, aende, mshipi usikatike wala yeye asikuvute.

Mkono wa kulabu hauvuki mshipi. Uko nyuma yake. Weka kulabu juu ya mgongo wa samaki, ncha ikielekea chini, mahali shingo ingekuwa kama samaki angekuwa na shingo, nyuma kidogo ya kichwa. Usipige kama unayekata kuni. Vuta kuja kwako, mara moja, bila kusita. Ukimkosa, tulia, mpe mshipi, anza tena. Kurusha kulabu mara tatu mfululizo kwa hasira ndiko kunakokata mishipi.

Ncha ikiingia, usisimame hapo kumtazama. Mwendo huohuo uendelee: kichwa kinapanda juu ya ukingo, mwili unateleza kwa tumbo lake mpaka mapajani. Hunyanyui, unaburuza. Unapofanya hivyo egemea kidogo upande wa pili, makalio yasogee, uzito wako ujibu uzito wake. Kama kuna dakika ambayo kayaki itapinduka, ni hii.

Yuko mapajani. Sasa je?

Funika macho kwa kile kitambaa. Samaki wengi hutulia gizani kwa sekunde kadhaa, na sekunde kadhaa ndizo unazohitaji. Bana kichwa kwa magoti, meno yakitazama mbali nawe.

Mmalize mara moja. Rungu la mti mgumu, sentimita 30, mapigo mawili mazito juu ya kichwa nyuma ya macho. Au msumari wa ubongo: bisibisi kuukuu iliyonolewa, ncha ikichomekwa kwenye kizibo cha chupa. Ubongo uko nyuma kidogo na juu ya jicho. Ukiupata, samaki anatetemeka mwili mzima, mdomo unafunguka, kisha analegea. Hafurukuti tena, na nyama inabaki nzuri.

Ndoano itolewe akiwa amekufa, kwa koleo, si kwa vidole. Hakuna haraka. Halafu kata mashavu ili damu itoke, lakini itoke ndani ya ndoo au mfuko. Kumwaga damu majini huku umekaa sentimita chache juu yake ni kualika wageni, na samaki aliyening'inizwa ubavuni kwa kamba ni mwaliko uleule.

Kama ni papa au taa?

Kata mshipi karibu iwezekanavyo na mdomo, akiwa majini. Taa ana mwiba wenye sumu mkiani na hakuna namna ya kumweka mapajani kwa usalama. Ukichomwa, zamisha sehemu hiyo kwenye maji moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90, na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usiung'oe.

Sulisuli na jamaa zake wenye pua ya mkuki mimi siwapandishi. Akiruka, pua hiyo iko usawa wa uso wako.

Ndoano ikiniingia mkononi?

Kwanza mtenganishe samaki nayo: kata mshipi. Samaki aliye hai kwenye ndoano moja na wewe kwenye nyingine ya chambo hichohicho ni ajali mbaya kuliko kupinduka, na ndiyo sababu nyingine ya kutumia ndoano moja iliyobanwa kijino. Beba koleo linaloweza kukata ndoano yenyewe, na ulijaribu nyumbani kwa ndoano unazotumia, maana mengi hushindwa.

Ikiwa imeingia juujuu, zungusha kamba imara kwenye mpindo wa ndoano, bonyeza shina lilale kwenye ngozi, kisha mwenzako avute kamba kwa ghafla, sambamba na ngozi. Kama ni usoni, karibu na jicho, kwenye kiungo au imezama sana, usiguse. Ifunge isisogee urudi ufukweni. Kidonda kikivimba na kuwa chekundu haraka baada ya kugusana na maji ya bahari, usisubiri kesho kumwona daktari.

Nivue nikiwa nimetia nanga?

Unaweza, lakini kamba ya nanga itoke omoni au tezini, yaani nyuma ya kayaki, kamwe isitoke ubavuni. Mkondo ukiikuta kayaki imefungwa ubavu, inalala na kujaa. Watu hutengeneza kamba inayozunguka kwenye kapi mbili, moja mbele na moja nyuma, yenye pete katikati ya kuhamishia nanga. Ni kazi ya mchana mmoja na inafaa. Mwisho wa kamba ya nanga uwe na boya na fundo la kufyatua. Samaki mkubwa akishika, unafyatua, unamfuata, utairudia nanga baadaye.

Nataka kumwachia. Nini kinabadilika?

Karibu kila kitu kinakuwa rahisi, kwa kuwa huna haja ya kumtoa majini. Tumia ndoano ya duara, ambayo kwa kawaida hushika pembeni mwa mdomo. Lowesha mikono, mshike akiwa ubavuni ndani ya maji, toa ndoano kwa koleo. Usimning'inize kwa taya kwa ajili ya picha. Samaki mkubwa hajaumbwa kubeba uzito wake hivyo. Mshike wima akielekea kwenye mkondo mpaka apige mkia mwenyewe.

Nimuhifadhi vipi njiani?

Barafu, tangu dakika ya kwanza. Jodari na nguru wakiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Harufu inaweza kuwa nzuri na bado ukaugua. Mfuko wa kujitengenezea kwa sponji ngumu ya godoro na turubai unatosha, ilimradi ufungwe kwenye kayaki chini na katikati. Kilo 15 za samaki na barafu zikilundikwa tezini zinabadilisha namna kayaki inavyokaa majini, na utaliona hilo wakati wa kuingia ufukweni kwenye mawimbi.

Nitafanyaje mazoezi bila samaki?

Jaza mchanga wenye maji kwenye gunia la nailoni mpaka lifike kilo 10, lifunge mdomo, lishone kamba ya kushikia ndoano upande mmoja, na ongeza vipande vya boya mpaka liwe karibu kuelea. Mwenzako aliyesimama kwenye maji ya kifuani alivute huku na huku, apite nalo chini ya kayaki, alikimbize ghafla unapodhani limechoka. Wewe fanya kila hatua: miguu chini, fimbo nyuma, breki, kulabu, kuburuza, kitambaa. Siku ya kwanza mimi nilipinduka mara tatu kwa gunia. Mara ya nne lilifika mapajani, nikawa nimesahau kifuniko kwenye ncha ya kulabu. Lilikuwa limeingia kwa kunaswa na mpira wa tenisi.